Jibu: Mshahara umepanda, mbona ari ya kazi imeshuka?
Ndugu, umeuliza kwa nini timu yako imepoa tangu msimamizi mpya aanze kuamua kila kitu peke yake, ilhali mshahara umeongezwa. Mshahara na ari ya kazi ni mambo mawili. Mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg, katika matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 aliyochapisha mwaka 1959, alieleza kwamba malipo na mazingira mazuri hasa hupunguza manung'uniko. Kinachomfanya mtu ajitume ni mafanikio, kutambuliwa na kupewa dhamana. Msimamizi wenu amevichukua vyote vitatu.

Uongozi wa amri una mahali pake: dharura, usalama, au mtu mgeni kabisa kazini. Ukifanywa wa kila siku, watu huchapa kazi bosi akiwepo na kulegea akitoka. Lakini msirukie kumwachia kila mtu ajiamulie, huko nako kazi hukosa mwenyewe.

Mwambie msimamizi aanze na uamuzi mmoja tu, mathalani ratiba ya zamu. Ataje mipaka mapema (bajeti, tarehe ya mwisho), akusanye maoni, kisha ndani ya wiki moja arudishe jibu: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Hapo ndipo wengi huharibu. Kuomba maoni halafu kunyamaza kunavunja moyo kuliko kutouliza kabisa. Pongezi nazo zitaje kazi yenyewe, siku hiyo hiyo, si "hongereni" ya jumla mwisho wa mwezi.