Kwa mwanangu aliyeko Bukavu

Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lako nimelala nalo siku tatu. Umeniandikia kwamba mgombea ubunge wa huko ametangaza kanisani kuwa ameokoka, wachungaji wakamwekea mikono, na sasa unauliza kama wongofu wake ni sababu ya kumpa kura yako.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1491 mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa na mapadri waliotoka Ureno, kisha baadaye akaiacha imani hiyo. Mwanawe Afonso aliishika kwa moyo wa kweli, nami simvunjii heshima nikisema kwamba ilimpatia pia urafiki wa Wareno. Hata hivyo, mwaka 1526 ilimlazimu amwandikie mfalme wa Ureno, Mkristo mwenzake, akilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata raia wake, hata watoto wa wakuu na jamaa zake mwenyewe, na kuwauza utumwani.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni mhubiri Simon Kimbangu, kwa kuwa alifia gerezani katika mji huu ninamokuandikia. Alipoanza kuhubiri kijijini kwake Nkamba mwezi Aprili 1921, aliwataka watu watupe hirizi na waache mitala. Hakuomba cheo, wala hakuunda chama. Watu walimiminika kwake wakiacha kazi na mashamba, na hilo peke yake liliwatosha Wabelgiji kumkamata Septemba mwaka huohuo. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa kifungoni miaka 30, hadi tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishiwa majimbo ya mbali, wakaieneza imani hukohuko walikopelekwa, mpaka kanisa lao likatambuliwa mwaka 1959, miezi michache kabla ya uhuru. Nadhani watawala waliona mapema kwamba aliyekwisha kutupa hirizi yake hatakawia kuacha kumwogopa na msimamizi wa kazi.

Kimbangu alipoteza kila kitu kwa ajili ya wongofu wake. Huyo mgombea wenu, tangu aokoke, ameacha nini? Kama ana madeni ya mishahara, amewalipa vibarua wake? Kama aliwahi kuchukua shamba la mtu, amelirudisha? Usiwaulize wachungaji, mwanangu, waulize wanaomfanyia kazi, kisha uniandikie walichokujibu kabla ya siku ya kura.

Mama yako