Barua ya tatu ya mapendekezo: aiandike nani?

Kila Septemba vijana waliomaliza kidato cha sita hunitafuta hapa Mtwara mjini, wengine wakitokea Newala na Tandahimba, wakitaka kuomba vyuo vya Marekani. Hawakosi kuniuliza: "Dada, nikiongeza na barua ya mheshimiwa, si itanibeba?"

Najua swali hilo linatoka wapi. Vyuo vya kwetu vinaangalia ufaulu wako, basi. Barua tuliyoizoea ni ile ya mtendaji: namtambua mhusika kuwa ni mkazi wangu, naomba apewe ushirikiano. Nguvu ya barua ile ni muhuri. Barua ya mapendekezo haiendi hivyo, nami nililijua hilo nimeshachelewa.

Mwaka wa kwanza kuomba nilikuwa na barua mbili za walimu na ripoti ya shule, kama vyuo vilivyotaka. Baba akaona hazitoshi, akanipeleka kwa kiongozi mmoja rafiki yake. Mzee yule alinipokea vizuri, akajaza ukurasa mzima. Majibu yalipotoka alinipa nakala: binti mwenye nidhamu, ametoka familia inayoheshimika, atailetea nchi sifa. Niliisoma mara mbili nikijitafuta humo. Ungefuta jina langu ukaweka la binti yeyote wa Masasi, isingeharibika. Sikupata chuo mwaka ule. Sisemi barua ndiyo iliyoniangusha, ila ilimla muda msomaji mwenye mafaili mengi mezani na haikumwambia kitu.

Nikabaki nyumbani, nikapata ukarani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Msimu ulipoanza, korosho tulizopima zikawa zinafika ghala kuu zimepungua kilo. Kila mtu akasema ni unyaufu, yaani korosho zimekauka zikapungua uzito. Mimi sikuridhika. Nikatenga gunia moja la mchanga, nikawa nalipima asubuhi na jioni, naandika daftarini. Baada ya siku tisa ikaonekana mzani wenyewe ndio uliokuwa unacheza. Katibu aliyaona yote hayo kwa macho yake. Nilipomwomba barua alisita: "Mimi si msomi, mwanangu, nitaandika nini?" Nikamwambia aandike alichokiona. Aliandika kwa Kiswahili, mwalimu wa Kiingereza akatafsiri, na nakala zote mbili zikaenda. Usitafsiri mwenyewe barua inayokusifu.

Hiyo ndiyo barua ya ziada ninayoitetea. Walimu wangu wasingeweza kuiandika kwa sababu hawakuwepo ghalani. Kama mtu wa tatu atarudia tu kwamba una bidii darasani, mwache apumzike.

Kabla ya kumwomba mtu yeyote, angalia chuo chenyewe kinasemaje. Kwenye Common App, yaani mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi kwa fomu moja, kila chuo huweka idadi yake, na kuna visivyopokea barua ya ziada kabisa, hao waheshimu. Ya ziada pia haizibi pengo la ile inayotakiwa. MIT, kwa mfano, wanataka mwalimu mmoja wa hisabati au sayansi na mwingine wa lugha, sanaa au sayansi ya jamii. Ukipeleka wa fizikia na wa kemia, barua ya katibu haitakuokoa. Dartmouth nao wanahimiza barua ya rika lako, yaani rafiki anayekujua. Hapo tafuta rafiki kweli, hata kama Kiingereza chake si cha kutisha.

Barua hupeleki wewe. Anayekupendekeza hutumiwa kiungo kwa barua pepe, aipakie mwenyewe. Katibu hakuwa na barua pepe. Tulikwenda wote steshenari, akafunguliwa, nenosiri akabaki nalo yeye. Mwambie aangalie na kwenye folda ya barua taka, kwani kiungo hupotelea huko.

Halafu muda. Vyuo vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari. Huku kwetu minada inaanza Oktoba, na Desemba shule zimefungwa. Mtu wa korosho ukimwomba Novemba umemwonea. Omba Septemba.

Wiki iliyopita alikuja kijana na barua ya mkubwa mmoja, tayari ina muhuri. Nikamuuliza tangu mitihani iishe Mei alikuwa anashinda wapi. Akasema Chikongola, gereji, kwa fundi wa pikipiki, na siku hizi injini anafungua peke yake. Jumatatu tunakwenda wote kwa fundi.