Kabla hujasema kweri ni nzito, uliza saa ni ya nani

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya hifadhidata, kweri ni swali unaloiuliza hifadhidata, na kasi yake ina saa zaidi ya moja. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, ukiwauliza watu wawili wa Sengerema kuvuka kunachukua muda gani, ungepata majibu mawili. Mmoja anahesabu tangu kivuko kilipoondoka gatini, mwingine tangu alipopanga foleni Kigongo. Wote wakweli. Mimi nilipoteza siku mbili kwa kusikiliza wa kwanza tu.

Nilikuwa natunza mfumo wa risiti wa mnunuzi mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mhasibu akanipigia: "Kaka, ripoti inazunguka tu, na watu wamenisimamia hapa." Nikaingia kwenye seva ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata), nikaweka EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hatua za kweri na muda wake, mbele ya kweri niliyoishuku. Ikaja chini ya milisekunde moja. Nikadhani dada wa watu anatia chumvi. Nikaongeza indeksi (ya kutafutia data haraka, kama faharasa ya kitabu), nikaongeza na ya pili, na ripoti ikabaki kwenye sekunde tisa zake.

Aliyenifungua macho ni pg_stat_statements, kiongezi cha PostgreSQL kinachoweka hesabu za kila kweri, kwenye safu ya calls (imeitwa mara ngapi). Programu ilikuwa inachukua orodha ya risiti 300, halafu inarudi kuuliza jina la muuzaji wa kila risiti, moja baada ya nyingine. Ofisi iko Mwanza, seva iko Dar es Salaam, kwenda na kurudi ni kama milisekunde 30. Zidisha mwenyewe. Nilipounganisha majedwali kwa JOIN, safari 300 zikawa moja, na zile indeksi nikazifuta kimyakimya.

Kwa hiyo soma saa mbili. Ndani ya psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL) andika \timing: hiyo inapima kutoka ulipokaa wewe, mtandao ukiwemo. EXPLAIN ANALYZE inapima ndani ya seva, na mistari ya matokeo haisafirishwi kuja kwako. Zikiachana sana, shughulika na njia, au na wingi wa data unayoivuta, indeksi ziache kwanza. Wanaotumia MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, wanayo EXPLAIN ANALYZE tangu toleo la 8.0.18. Logi yake ya kweri nzito huja imezimwa, na ukiiwasha bila kugusa long_query_time, kizingiti ni sekunde 10. Mteja wa Mwaloni hasubiri sekunde 10. Ila hata ukikishusha hadi sekunde moja, ugonjwa wangu usingeonekana humo, maana kila kweri peke yake ilikuwa nyepesi.

Jambo moja la hatari: EXPLAIN ANALYZE huitekeleza kweri kwelikweli. Ukiiweka mbele ya DELETE, mistari inafutika. Anza na BEGIN, malizia na ROLLBACK ili mabadiliko yatenguliwe, na usijaribie kwenye data ya watu. (Msiniulize nilijuaje.)

Ukisoma mpango wenyewe, yaani zile hatua EXPLAIN inazoonyesha, tazama loops (hatua imerudiwa mara ngapi). Muda ulioandikwa ni wastani wa mzunguko mmoja, kwa hiyo milisekunde 0.02 kwenye loops 50,000 ni sekunde nzima, na jicho la mgeni huwa linaupita mstari huo.

Halafu kuna kache. Mara ya kwanza data inaweza kutoka kwenye diski, mara ya pili iko tayari kwenye kumbukumbu, nawe unajisifu kwamba umeirekebisha. Ongeza BUFFERS kwenye EXPLAIN uone hit (zilizokutwa kwenye kumbukumbu ya PostgreSQL) ni ngapi na read (zilizobidi kusomwa kutoka nje yake) ni ngapi. Rudia mara tano au sita, andika ile ya kwanza peke yake, zilizobaki chukua ya katikati. Kuchagua iliyo nzuri kuliko zote ni kujidanganya.

Na pima wakati kazi ipo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, kambi nyingi zinapumzika na magunia Mwaloni yanapungua. Niliwahi kumwambia bosi mfumo uko safi, kumbe nilipima wiki ya mbalamwezi, watumiaji wawili tu wameingia. Giza liliporudi, simu zikaanza tena. Siku hizi naacha log_min_duration_statement, mpangilio wa PostgreSQL unaoandika kwenye logi kweri zinazofikia muda uliouweka, kwenye milisekunde 500 mwezi mzima, na logi ninayoisoma kwa makini ni ya siku magunia yanaposhuka.