Viatu Vinavyochakaa kwa Mbele

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi London na tuna mtoto mmoja wa kiume, miaka mitatu na miezi tisa. Kila asubuhi humsukuma kwenye kigari hadi chekechea, mwendo wa dakika 12, kisha naenda kazini. Tangu mama mkwe wangu aje kutoka Tanga mwezi wa kwanza, nyumba haina amani. Anasema nasukuma dume zima kama gunia la nazi na kwamba ninamlemaza. Viatu vya mtoto vikichakaa kwa mbele, ananicheka kuwa nanunua vya bei rahisi. Yeye humpeleka dukani kwa miguu na wanarudi wakicheka, lakini akiwa na mimi mtoto huketi chini barabarani na kupiga kelele. Kigari chenyewe sasa kina vituko. Mtoto akishuka tu, kinaanguka chali. Jumamosi, tukitoka sokoni, dereva wa basi alinidhalilisha mbele ya abiria akinitaka nikikunje ili mwenye kiti cha magurudumu apande, ilhali mikono yangu imejaa mifuko. Jioni ile ile nikakuta mume wangu amekitia kigari stoo chini ya ngazi, bila kusema neno. Najua amepanga na mama yake. Nimwambieje kwamba malezi ya mtoto wangu hayaamuliwi Tanga?* — Mama S., London

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, maana kulea mtoto katika mji ambao jirani hajui hata jina lako ni kazi ya watu watano inayofanywa na mmoja, na anayekubeza kwa hilo hajapata kusimama kituoni kwenye mvua ya Februari, mtoto analia na basi limejaa linapita bila kusimama. Pole hiyo ipokee uiweke mahali pazuri, kwa sababu katika jibu hili sina nyingine.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kilichonirudisha kila mara ni viatu. Umevitaja kama mfano wa dharau za mkwe wako ukapita, lakini mimi sikupita. Kiatu cha mtoto anayetembea huanza kuisha kwenye kisigino na chini ya vidole. Ncha yake ya mbele huchunika pale inapokwaruzwa na kitu. Mwanao ameketi kwenye kiti ambacho miguu yake imekwisha kukipita kile kibao cha kuegeshea nyayo, nayo inaning'inia na kuburuzwa kwenye lami kwa dakika 12 kila asubuhi. Kwa hiyo viatu si vya bei rahisi, na hapo mama mkwe amekosea. Ihesabu hiyo kuwa alama yako moja.

Hayo mengine amepata. Unaandika kwamba kigari kina vituko na kwamba mtoto akishuka kinaanguka chali, kana kwamba kimeingiwa na pepo. Mwanangu, pepo huyo ni mchele wa sokoni. Bila shaka mifuko huitundika kwenye mpini, na kinachokizuia kisipinduke ni uzito wa mtoto aliyeketi mbele. Akishuka, mizani inakwenda nyuma. Onyo la kutotundika mizigo kwenye mpini utalikuta katika kijitabu cha maelekezo cha karibu kila kigari, kijitabu ambacho sote hukitupa pamoja na boksi. Geuza kiti pia utazame kibandiko cha chini yake. Vigari vyepesi vya kukunja, hasa vya toleo la zamani, viliwekewa mwisho wa kilo 15, ingawa vingi vya siku hizi hufika kilo 22. Hukuniandikia uzito wa mwanao, lakini mtoto wa umri wake mwenye afya njema mara nyingi ama amezifikia hizo 15 ama amezivuka, na hapo sijaujumlisha mchele.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukuliandika kabisa. Umetaja basi, dereva, mifuko, mume na mkwe, tena kwa ufasaha, lakini hakuna mahali uliposema kwamba mtoto anachoka. Hukusema kwamba miguu inamuuma wala kwamba akifika chekechea analala. Kinyume chake, umekiri kwa mkono wako mwenyewe kwamba akiwa na bibi yake huenda dukani kwa miguu na kurudi akicheka. Mtoto anayeweza kutembea na bibi wa Tanga mwenye magoti ya umri wake, asiyejua barabara za London na asiye na haraka yoyote, hashindwi kutembea na mama yake. Kwako huketi chini kwa sababu anajua kwamba akiketi, magurudumu yatakuja. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na wewe umekwisha kuanza kulia, ndiyo maana umeniandikia.

Nitakuambia kwa nini hukuliona, na hapa sikulaumu sana. Mama zetu walitubeba kwa mbeleko, na mbeleko ilikuwa na adabu moja: mtoto alipokuwa mzito, mgongo wa mama ndio uliotoa taarifa. Hakuna aliyehitaji kuulizana umri, maana siku kiuno kilipokataa, mtoto alishushwa, akashikwa mkono, akatembea. Magurudumu hayana taarifa hiyo. Mtoto wa kilo 9 na mtoto wa kilo 17 husukumwa kwa namna inayokaribiana kwenye njia tambarare, na mama huendelea kusukuma mwaka baada ya mwaka bila mwili wake kumwambia lolote, mpaka atokee mtu wa nje aliyezoea mbeleko aulize ni nani huyo aliyeketi humo. Mtu huyo akiwa mama mkwe, swali lake huonekana tusi. Nakubali kwamba gunia la nazi lingeweza kutafutiwa maneno mengine. Hata hivyo angalia picha aliyoichagua: gunia halina miguu, na mjukuu wake anayo.

Wala usidhani hayo ni mambo ya Tanga tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano asifungwe kwenye kigari au kiti kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na kwamba wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, 60 kati yake ziwe za kuhema na kutoka jasho. Huko Uingereza nako mwongozo wa serikali wa mwaka huo huo unataka zizo hizo dakika 180. Dakika zako 12 za kwenda, ukimwacha atembee, zitakuwa 20 au 25, na za kurudi vilevile, kwa hiyo karibu robo ya deni la siku inalipwa njiani bila senti moja. Tena mwanao atatimiza miaka minne hivi karibuni, na mtoto wa Uingereza huanza darasa la mwanzo Septemba inayofuata siku hiyo. Unakusudia kumfikisha langoni mwa shule, na sare yake, akiwa amefungwa mikanda?

Suala la dereva nitalimaliza upesi. Yule hakukudhalilisha. Mwaka 2012 mwanamume mmoja wa kaskazini mwa Uingereza alishindwa kupanda basi kwa kiti chake cha magurudumu kwa sababu mama mwenye kigari hakukubali kusogea, na kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba dereva haimtoshi kuomba mara moja kisha akanyamaza. Ile nafasi ni ya mwenye kiti cha magurudumu kwanza. Mama yule wa kesi alikuwa na mtoto mchanga aliyelala, na bado watu walimlaumu; wewe ulikuwa na mvulana anayeruka ngazi. Kilichokufedhehesha pale si sauti ya dereva, ni mifuko. Ungekikunja kigari, mchele ungekaa wapi? Sema kweli, mwanangu: toroli la sokoni lenye magurudumu mawili, lile la kuvuta ambalo vikongwe wa London huenda nalo, ungelinunua tangu mwaka jana kama mtoto asingekuwa kisingizio kizuri.

Mimi si adui wa kigari. Kile kinachokunjika kama mwavuli kilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyestaafu, baada ya kumwona binti yake akihangaika na kigari kizito katika safari na mjukuu. Ni mapenzi ya babu yaliyotiwa magurudumu. Nilipokuwa nikiishi Birmingham nami nilikuwa nacho, na kitinda mimba wangu nilimsukuma hadi alipokuwa akinisomea mabango ya maduka njiani. Jirani yangu, bibi wa Kijamaika, alinisimamisha siku moja, akamsalimia mtoto kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama daktari amesema atapona lini. Nilinuna wiki nzima. Wiki ya pili tulitembea.

Nami sitaki mtu achukue jibu langu akamtolee macho mama mwingine barabarani. Wako watoto wa miaka mitano na sita wanaosukumwa kwa sababu misuli yao, mapafu yao au akili yao inayoelemewa na kelele za mji inawalazimu, na ugonjwa huo mpita njia hauoni. Iwapo mwanao anaanguka mara kwa mara, anachechemea, anatembea kwa ncha za vidole muda wote au anahema kwa hatua chache, basi funga ukurasa huu umpeleke kwa daktari. Lakini uliyoyaandika wewe si hayo.

Tuje kwa mume wako, ambaye umemshtaki kwa njama. Mwanamume aliyekiona kigari kikianguka chali, akamsikia mama yake kila jioni na kukusikia wewe kila usiku, amefanya kazi moja tu ya kimyakimya: amekitia stoo. Hakukiuza wala hakukitupa. Angekuambia, ndiyo, na kosa lake ni hilo, ila jiulize kama kwenye nyumba yako kuna nafasi ya kuambiwa. Umeandika "malezi ya mtoto wangu." Mtoto wako na nani? Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, mwanangu, hasa za ughaibuni, ambako wawili hukutana jikoni usiku mmoja akitoka zamu na mwingine akiingia, wakaachiana ujumbe kwenye simu kuhusu maziwa yaliyokwisha. Halafu jambo dogo kama kigari likitokea, kila mmoja hulisoma kama vita, kwa kuwa hawajakaa kitako kuzungumza jambo lolote tangu Krismasi. Mimi Shangazi umeniandikia aya nzima. Yeye umemwandikia nini?

Fanya hivi. Leo usiku, mama mkwe akishalala, mwambie mume wako kwamba kigari kikae hukohuko stoo siku za kawaida, na mkubaliane siku za kukitoa: uwanja wa ndege, safari ya kutwa, siku mtoto ana homa. Lazima nyote wawili mseme neno moja, maana mtoto akigundua kwamba mmoja wenu ana ufunguo wa stoo, mmekwisha. Kisha toka nyumbani dakika 15 mapema zaidi. Najua unachotaka kusema, kwamba dakika 15 za asubuhi ni dhahabu, lakini hizo ndizo ulizokuwa ukiziazima kwa miguu ya mwanao. Njiani mpe kazi: abonyeze kitufe cha kuvukia barabara, ahesabu mabasi mekundu, abebe mfuko wake mwenyewe wa chekechea hata kama una ndizi moja tu ndani. Kwenye barabara kubwa mshike kifundo cha mkono badala ya vidole, au umvalishe mkanda wa kifuani wenye kamba, usione haya. Akiketi chini, simama karibu naye, usimbembeleze, usimvute, usitazame simu. Siku tatu za mwanzo zitakuwa mbaya, na watu watakutazama. Waache watazame.

Na huyo mama mkwe? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wako ana miezi. Una mtu nyumbani ambaye mjukuu humfuata kwa miguu bila kelele, wewe unamfanyia uadui! Mwombe, kwa adabu zako zote, siku mbili za juma ampeleke mtoto chekechea yeye. Mtambulishe kwa walimu ili jina lake liandikwe, mwonyeshe njia mara mbili, mnunulie koti la maana la baridi na buti zisizoteleza. Atasema alikuambia. Mwitikie, "Ndiyo mama, uliniambia," kisha nenda kazini ukiwa umekaa kwenye basi, kitu ambacho nadhani hujakifanya muda mrefu. Neno la gunia mlizungumze baadaye, nyinyi wawili, mtoto akiwa hayupo, na umweleze kwamba lilikuuma. Mama aliyetoka Tanga hadi London kwa ajili ya mjukuu hatashindwa kulisikia hilo.

Viatu vipya vinunue wiki hii, vipimwe akiwa amesimama na si ameketi, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Baada ya miezi miwili vigeuze utazame vimechakaa wapi, uniandikie.