Muulize Mfamasia: Vichupa vitatu ndani ya kimoja

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi rangi, miaka 33, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Bega la kulia linanisumbua tangu Machi. Nikiinua brashi juu ya kichwa linawaka moto. Jamaa ninayenyanyua naye vyuma ameagiza kwa simu vichupa vitatu vya unga: BPC-157, TB-500 na kimoja cha bluu, GHK-Cu. Vimeandikwa ni vya utafiti tu. Anasema tuviyeyushe, tuvikusanye vyote kwenye kichupa kimoja, tuchome mara moja kwa siku badala ya mara tatu, na kwa kuwa ni ghali tuchangie. Maji yakibaki safi, kuna ubaya gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nashukuru umeuliza kabla hamjachoma. Nianze na hilo la maji kubaki safi, kwa sababu ndilo lililonitia hofu zaidi.

Marehemu mama yangu alikuwa na kisukari. Insulini, kama hivyo vichupa vyenu vitatu, ni peptidi, yaani asidi amino (matofali ya protini) zilizounganishwa kama mnyororo, yenyewe ikiwa nazo 51, na kwa miaka mingi alichanganya aina mbili ndani ya bomba moja, mezani kwetu Kondoa, kama daktari alivyomwelekeza. Ile yenye ukungu, NPH, aliibiringisha polepole kati ya viganja, asiitikise. Kisha alivuta kwanza ile angavu, ndipo akavuta yenye ukungu. Angavu kwanza, hata wajukuu walilijua hilo. Aliruhusiwa kwa sababu hizo mbili zilishapimwa zikiwa pamoja, ikajulikana kila moja inabaki na nguvu yake.

Baadaye akabadilishiwa, akapewa glajini, insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu. Asubuhi moja nilimkuta ameshavuta zote mbili kwa mazoea, glajini na ile angavu ya zamani. Kila moja peke yake ilikuwa kama maji ya mvua. Zilipokutana, bomba likaingia wingu kama maji ya kuoshea mchele. Glajini huyeyuka kwa sababu maji yake yana uchachu. Ukiuondoa uchachu huo inaanza kuganda humo humo kwenye bomba. Tuliimwaga, nikamvutia upya, kila moja na bomba lake.

Siku ile tuliona kwa macho. Mara nyingi huoni. Peptidi inaweza kukatika, au vipande vyake vikashikana, na maji yakabaki angavu vilevile. Hicho kichupa cha bluu rangi yake ni shaba, na shaba inaweza kushika peptidi nyingine na kuharakisha kuharibika kwake. Kwa hiyo hata kama kila unga ungekuwa ndio wenyewe, ukivikusanya vitatu hujui tena unachojichoma ni nini.

Utaniambia mbona insulini ya 30/70 inauzwa ikiwa imeshachanganywa. Kiwanda kiliipima, kikaandika inakaa muda gani na kwenye joto gani. Ninyi mtachanganyia chumbani, Oktoba ya Dodoma, umeme ukikatika friji inakuwa kabati.

Tena, ukitokwa na vipele au moyo ukienda mbio, utamshika nani kati ya watatu? Huwezi kupunguza kimoja bila kupunguza vyote. Na kila mnapotoboa mpira wa kichupa kuhamisha maji mnawafungulia vijidudu mlango. Yale maji ya kuyeyushia unga, yenye benzili alkoholi, huzuia bakteria wasizaliane tu, hayasafishi kilichokwisha kuchafuka.

Kuchangia ndiko nakuomba sana ukuache leo. Watu wawili kwenye kichupa kimoja, siku moja tu mtu akirudisha humo bomba lililotumika, mmegawana damu. Homa ya ini B na VVU vinapita hapo hapo. Kubadilisha sindano na kubakiza bomba lilelile hakusaidii.

BPC-157 haijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kama dawa ya binadamu, na shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, limeipiga marufuku tangu 2022. TB-500 nayo imo kwenye orodha yao. Yale maneno ya utafiti tu yaamini. Muuzaji mwenyewe amekwambia hajaitengeneza kwa ajili ya mwili wako.

Sasa bega. Fundi anayefanya kazi mikono ikiwa juu siku nzima huumiza kano za bega, na miezi yote hiyo hakuna mtu aliyelishika na kulipima! Nenda hospitali ya rufaa, uwaeleze ni pembe ipi linapouma na kama linakuamsha usiku ukililalia, uombe uonwe na mtu wa fiziotherapia. Mazoezi yake ni ya wiki nyingi na yanachosha, ila yanajulikana. Kwa sasa panda ngazi juu zaidi, brashi ibaki usawa wa kifua.

Kama mmeshachoma, na sehemu ikavimba, ikawa ya moto, au ukapata homa, usisubiri kesho. Nenda na vichupa vyenyewe mkononi ili daktari avione.