Kuzalisha boa kwa mara ya kwanza

Ndugu muulizaji, umesema jike wako wa boa (nyoka mkubwa asiye na sumu) ana miaka miwili na dume unaye tayari. Ushauri wangu ni kwamba usiwakutanishe msimu huu. Jike afikishe kwanza angalau miaka mitatu au minne, awe na misuli imara bila kunenepeana, kwa sababu akishashika mimba mara nyingi hupunguza kula au huacha kabisa kwa miezi kadhaa.

Boa hatagi mayai kama chatu wetu wa Afrika, bali huzaa watoto hai, kwa hiyo mashine ya kutotolea haikuhusu. Kinachohitajika ni sehemu ya kuota joto yenye nyuzi 31 hivi za Selsiasi, na upande wa ubaridi anaoweza kuhamia apendapo. Baada ya mayai kupevuka tumboni atajivua gamba. Iandike tarehe hiyo, kwani kwa kawaida huzaa siku 100 hadi 120 baadaye.

Linalosahaulika zaidi ni idadi. Uzao mmoja huweza kuzidi watoto 20, na kila mmoja atahitaji kisanduku chake kilichofungwa barabara (vichanga hawa hupenya mahali usipopadhania), pamoja na vitoto vya panya baada ya kujivua gamba mara ya kwanza. Watafute wanaowahitaji kabla ya kuwakutanisha wazazi, ukikumbuka kwamba boa wamo katika orodha za CITES, yaani mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea pori iliyo hatarini, hivyo kuwavusha mpaka bila kibali ni kosa.