Kwa wanaoanza kuchora bustani kwa rangi ya maji

Ukijiunga nasi kuandaa maonyesho ya picha za bustani hapa Mwanza, weka brashi chini kwanza, uliza kila mmea umetoka wapi. Tumechagua bustani ili tuzungumzie rangi za watu na historia, na historia hiyo imeota mbele ya macho yetu. Bogenvilia na mjakaranda asili yake ni Amerika Kusini. Mkrismasi, ule unaowaka mwekundu ifikapo Desemba, ni wa Madagaska. Magugu maji nayo ni ya Amerika Kusini. Watu waliyasambaza kwa uzuri wa ua lake, wakayapanda kwenye madimbwi ya bustani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana ziwani kwetu, Ziwa Victoria. Nenda kwenye kivuko cha Kamanga asubuhi ukalitazame ua hilo kwa karibu: zambarau hafifu, na kwenye petali ya juu doa la njano lililozungukwa na buluu. Ni zuri kweli. Kisha mtazame mvuvi anavyohangaika kupenyeza mtumbwi katikati yake.

Sasa ngozi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Katika rangi ya maji weupe ni karatasi yenyewe, unauacha, huupaki. Basi mwanafunzi akimchora bibi wa Kizungu barazani, uso wake anauacha karatasi tupu, halafu mtunza bustani anampaka nyeusi ya kwenye tyubu. Bila kukusudia ameshasema kwamba Mzungu ndiye mtu wa kawaida, na Mwafrika ndiye mwenye rangi. Mzungu naye ana rangi: waridi, njano kidogo, kijani chepesi kivulini. Karatasi tupu iachie kanzu, povu la maji na bati linalong'aa juani.

Nami nilikosea hivyohivyo. Picha yangu ya kwanza nilimwonyesha mzee mmoja aliyefanya kazi ya bustani mtaa wa Capri Point hapa Mwanza akiwa kijana, kabla ya Uhuru. Aliitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtu mbona hana uso?" Nyeusi ilikuwa imemeza pua, macho, jasho, kila kitu. Iliniuma sana, kwa sababu mtu huyo ndiye niliyetaka aonekane kuliko wote.

Tangu siku hiyo ile tyubu sijaifungua. Anza na tabaka jepesi la njano ya udongo na nyekundu, liache likauke kabisa, ongeza kahawia ya siena, kisha kivuli cha siena iliyochanganywa na buluu ya altramarini. Mwanga wa kwenye paji la uso na mashavu uuache tangu mwanzo; ukishaufunika, kuurudisha ni kazi. Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kwani nyembamba hujikunja mapema.

Maelezo ya ukutani yaandike kwa majina yanayotumika hapa. Speke, mvumbuzi Mwingereza, alipofika 1858 alilipa ziwa jina la malkia wake, Victoria, na Wasukuma walikuwa na Nyanza yao tayari. Fremu usizitundike panapopigwa na jua, rangi zitafifia.

Picha ya pili nilimpelekea mzee kwake. Safari hii uso aliutambua, akaweka kidole kwenye mpira wa kumwagilia niliouchora mkononi mwa mtunza bustani. "Mpira tungeutoa wapi? Tulibeba ndoo kutoka ziwani, asubuhi na jioni." Nimeichora upya. Sasa ana ndoo mbili, na bega la kulia limeshuka kidogo.